Hilo ni la Mtu

Juu ya kaunta yangu ya nafaka hapa Kayole, kando ya mizani, kuna jiwe la shaba lenye umbo la kengele, dogo, la kujaza kiganja. Shingoni limefungwa uzi wa katani. Halipimi kitu. Kazi yake ni kukaa tu, na kwa kazi hiyo linaangaliwa kuliko maharagwe. Haipiti wiki bila mtu kuuliza, "Mathe, hiyo jiwe ni pesa ngapi?"

Mimi nauza kila kitu. Siku moja niliuza hata kiti nilichokuwa nimekalia, mteja alipofika bei nzuri nikasimama. Lakini kwa jiwe najibu, "Hiyo ni ya mtu," na mjadala unakwisha, kwa sababu sokoni maneno hayo yana maana moja: kitu kimewekewa mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani.

Mwenyewe hayuko njiani. Nalijua hilo vizuri. Ila mvua ikinyesha na biashara ikilala, huwa nalichukua na kulisugua kwa kidole gumba mpaka litoe ile harufu ya shaba iliyoshikwa na mkono wenye jasho, harufu inayokaribia ya damu, na ghafla ni Jumamosi, niko soko la nyama la Burma, na Baba anamwambia mteja asubiri kwanza, waziri hajamaliza kusema.

Baba alikuwa na bucha Burma. Sisi tulikaa Maringo, chumba kimoja cha kanjo, yaani baraza la jiji, na maji tulichota kwenye mfereji wa wote, mahali ambapo ungeweza kujua siri za mtaa mzima kabla ndoo haijajaa. Mimi nilipewa jina la nyanya, mama yake Baba, kwa hiyo aliniita Maitu, yaani mama yangu. Hata akinichapa alianza kwa heshima: "Maitu, lala hapo."

Hakujua kusoma. Alijua nyama. Mteja wa kudumu akitaka awekewe ya Jumamosi, Baba aliichagua, akaifunga kwa gazeti na uzi wa katani, kisha akamaliza kwa fundo la mteja huyo. Kila mtu alikuwa na lake. Mama mmoja wa kwaya alikuwa na fundo moja nene kama yeye mwenyewe. Fundi wa cherehani alikuwa na kitanzi. Vifurushi vilipangwa chini ya kaunta, na Baba alipapasa bila kuangalia, akatoa chako. Jioni ikifika hujaja, fundo lilifunguliwa na nyama ikauzwa kwa mwingine. "Si roho mbaya," alisema. "Nyama inaoza. Mtu haozi, atakuja kesho."

Mafundo mawili yaliyobanana kama mapacha yalikuwa ya Mwalimu.

Mwalimu alifundisha shule yetu, lakini hakuwa mtu wa Nairobi. Alitoka mji mdogo wa reli huko njia ya Mombasa, mji ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa na barabara moja, na ukipiga chafya upande huu unaambiwa pole upande wa pili. Baba yake alikuwa mpimaji katika duka moja huko, mtu wa kusimama nyuma ya mizani kutwa nzima. Nchi ilipohamia kilo, maduka yakatupa mawe ya zamani, na Mwalimu akaanza kuyaokota. Alipita kwenye maduka ya Wahindi, kwenye minada, kwa wachuuzi wa vyuma, akauliza kwa adabu kama wana mawe ya mizani wasiyoyahitaji. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mwalimu Mawe.

Mtu mzima anayeokota mawe anahitaji maelezo, na sisi watoto tulikuwa nayo.

"Anapima wale wamefeli," rafiki yangu Achieng alinieleza tukiwa mferejini. "Wazito wanarudia darasa. Wepesi anawauza Industrial Area."

"Anauzia nani?"

"Kiwanda ya sabuni. Kwani wewe hunusi?"

Nilinusa. Upepo wa alasiri ulitoka huko Industrial Area ukiwa umebeba harufu ya mafuta yanayochemshwa, na mimi nilikuwa mwembamba. Mwaka ule nilikula ugali kama mtu anayelipwa.

Wakubwa nao hawakuwa bora. Siku ya kwanza Mwalimu alipoingia Burma na koti lake, akiangalia mizani ya kila bucha badala ya kuangalia nyama, mluzi ulipigwa kutoka upande mmoja wa soko hadi mwingine, maana walidhani ni mtu wa vipimo, wale wa serikali wa kukagua mizani. Mawe yakafichwa ndani ya matumbo ya ng'ombe. Baba peke yake hakuficha kitu. Baba hakuwa mwizi. Alikuwa tu na kidole kizito, na kidole hakifichiki.

Mwalimu aliagiza nyama, akatazama ikipimwa, akasema taratibu, "Mzee, na hicho kidole nacho ni cha kuuza?"

"Kidole gani?"

"Hicho kilichokalia sinia."

Baba aliona chaki kwenye mkono wa koti, akapumua. "Hicho ni cha nyongeza, Mwalimu. Wenzangu wanaweka mfupa."

"Basi kifunge pamoja na nyama. Nimeshakilipia."

Bucha nzima ilicheka. Baba alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni, akabaki na damu usoni kama mtu aliyepigana. Urafiki wao ulianza hapo, na sijawahi kuona mwingine wa namna ile. Kila Jumamosi Mwalimu alikuja, akapindua kreti ya soda akaikalia, akachukua gazeti la juu katika rundo la kufungia nyama, akamsomea Baba. Habari zilikuwa kuukuu, wakati mwingine waziri anayehutubia alikuwa ameshafutwa kazi, lakini Baba alizisikiliza kana kwamba zimetokea asubuhi ile hapo Jogoo Road. Shida ilikuja mteja akihitaji kufungiwa.

"Mama, subiri kidogo, tuko katikati ya kesi."

"Mimi nina watoto nyumbani wanangoja mboga!"

"Na sisi tunangoja hakimu."

Mara nyingine mteja alishinda, akaondoka na mwisho wa habari ukiwa umefunga matumbo yake, na Baba akakaa wiki nzima hajui mtu alifungwa au aliachiliwa. Jumamosi iliyofuata alimuuliza yule mama wa kwaya, kwa uchungu wa kweli, kama gazeti lake bado lipo.

Jiwe lilikaa juu ya rundo hilo la magazeti kuzuia upepo. Baba alipewa na mzee aliyemfundisha kazi ya kukata nyama, na ingawa tangu zije kilo halikuwa na kazi kwenye mizani, hakulitupa. Mwalimu kabla ya kuvuta gazeti alilinyanyua, akalipima kwa mkono, akalirudisha palepale.

"Siku ukichoka na jiwe hili, Baba Njeri."

"Siku nikichoka nalo, Mwalimu, utakuwa wa kwanza kujua."

Walisema hivyo kila Jumamosi, kama watu wa kanisani wanavyoitikiana. Naomba msomaji ashike neno walilotumia: jiwe. Pale bucha lilikuwa jiwe tu, halikuwa na jina lingine.

Mimi nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa na ndoto moja katika maisha yake, na ndoto hiyo nilikuwa mimi nikiwa nimevaa sketi ya shule ya upili ya bweni. Mwalimu alisema inawezekana, ila hesabu zangu zilihitaji kusukumwa, kwa hiyo baada ya masomo nilikwenda chumbani kwake, mistari mitatu ya nyumba kutoka kwetu, tukakaa barazani na mkusanyo wake. Hakutaka malipo. Baba alimpelekea mkia wa ng'ombe, akaulipia. Akampa soda, akailipia. Jambo hilo lilimpa Baba utajiri wa kutangaza Burma yote: "Wa kwetu hanywi hata soda yangu bila kulipa!" Maana wakati ule mtaani ilisemekana nafasi za bweni hazitembei bila kusukumwa kwa pesa, kwamba kuna walimu wanaonong'ona na wazazi, kwamba mtoto wa fulani hakupita bali alipitishwa. Sijui kulikuwa na ukweli kiasi gani. Maneno ya mferejini huwa yamechanganywa na maji.

Mawe mazuri ya Mwalimu yalikaa ndani ya sanduku la mbao lenye vishimo vya duara, kila jiwe na kishimo chake, kuanzia kubwa hadi dogo, kama familia iliyopangwa kupigwa picha. Kishimo kimoja katikati kilikuwa kitupu. Nilipenda kuingiza vidole humo.

"Na hapa, Mwalimu?"

"Hapo ni pa ratili moja."

"Ratili ni nini?"

"Kipimo cha zamani. Pungufu kidogo ya nusu kilo. Iko njiani inakuja."

Kwa lugha alikuwa mkali kuliko kwa hesabu. Nikisema "nipe hii jiwe" alikaa nalo mkononi mpaka niseme vizuri.

"Si hii jiwe, Njeri. Jiwe hili."

"Lakini Mwalimu, nikisema hii ama hili, uzito ni ule ule."

"Uzito ni ule ule. Heshima imepungua."

Sheng ndiyo ilimkera zaidi. Mtoto akisema odijo badala ya mwalimu, alisimamishwa kando ya ubao mpaka atamke neno zima kama linavyotakiwa. Ndiyo maana sijasahau hata silabi moja ya siku ile alipoamua kuzungumza kama sisi.

Nilimkuta sanduku la bati likiwa wazi kitandani na mashati yamekunjwa. Lile la mbao lilikuwa mezani, mawe yote yamesuguliwa kwa majivu na limau mpaka yanang'aa. Alichuchumaa mbele yangu, koti na yote, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Njeri, sikiza. Nimehamishwa, narudi kwetu. Sasa enda uambie buda yako, kabla sijaenda naomba ile paundi yake. Yeye anajua."

Nusura nicheke. Mwalimu kusema buda badala ya baba! Yeye mwenyewe alitabasamu, kama mtu aliyevaa kofia ya mtoto. Leo nadhani aliona haya. Kumwomba rafiki kitu anachokipenda, uso kwa uso, ni kumnyima nafasi ya kukataa. Kumtuma mtoto kunamwachia mlango. Na ujumbe alioutuma aliuvisha nguo za nyumbani kwetu, ili usije ukaonekana kama amri ya mwalimu.

Nilikwenda mpaka Burma nikiyarudia maneno njia nzima, nisije nikamwaga hata moja. Naomba ile paundi yake, yeye anajua. Paundi niliyoijua mimi ilikuwa moja tu, noti ya shilingi ishirini, ambayo watoto wa leo wanaiita mbao. Kilo nilizikuta, ratili nilifundishwa. Paundi ilikuwa pesa.

Baba alikuwa akikata mbavu. Nilimwambia yote, kama nilivyoyapokea.

Kisu kilisimama. "Sema tena, Maitu."

"Amehamishwa. Anasema kabla aende anaomba ile paundi yako. Anasema wewe unajua."

"Amesema mimi najua."

"Ndiyo."

Alijifuta mikono, kidole kwa kidole, hata vile ambavyo havikuwa na damu. "Hata yeye," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyefungua kifurushi cha mwisho cha siku akakuta nacho kimeoza. Alisogeza jiwe kando, akachukua kipande cha gazeti kutoka chini yake, akatoa noti ya paundi kwenye kisanduku cha mauzo, akaifunga. Hakutumia uzi. Hakufunga fundo lolote.

"Mpelekee. Mwambie, paundi yake hiyo."

Mwalimu alikuwa bado mezani, kitambaa mkononi. Aliponiona na gazeti uso wake ulifunguka wote. Alinyoosha mkono chini ya kifurushi, na hapa ndipo ninaporudi kila mara: mkono ule ulikuwa umejiandaa kwa uzito. Nilipokiachia, ukapaa juu peke yake, kama mguu unapotafuta ngazi isiyokuwepo. Akafungua. Akaiangalia noti, upande mmoja na wa pili.

"Baba yako amesema nini?"

"Amesema, paundi yako hiyo."

Alikaa kitandani, juu ya mashati. "Amesema hivyo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nadhani alisikia mlango ukifungwa kwa namna ambayo hakuitegemea: aliomba ukumbusho wa urafiki, akarushiwa pesa akanunue mwingine. Aliikunja karatasi upya, kwa mikunjo ile ile. "Mrudishie. Mwambie…" Akatazama kile kishimo kitupu. "Basi. Mrudishie tu."

Nikarudi Burma. Mtu mwingine yeyote angeielewa noti iliyorudi. Lakini Baba alikuwa mfanyabiashara, na mimi nimekuwa mmoja, na nawaambia kwamba katika biashara pesa ikirudi mkononi mwako inasema neno moja: ongeza.

"Amesemaje?"

"Amesema nikurudishie tu."

Baba alicheka bila kufungua mdomo. "Kumbe hata haitoshi."

Kuanzia kesho yake sikwenda tena barazani kwa Mwalimu. Nilisomea bucha, kati ya nzi na mizani. Jumamosi, Baba alifunga nyama ya mafundo mawili kama kawaida. Mikono ilikuwa imezoea, au labda alikuwa anampa nafasi. Ilikaa chini ya kaunta mchana wote. Jioni aliyafungua mafundo, akamuuzia mpita njia ambaye hakujua kwamba amenunua nyama ya mtu. Kreti ya soda ilibaki imepinduliwa. Hakuna aliyeikalia.

Darasani nilimtazama Mwalimu kwa jicho jipya. Niliona soli za viatu vyake zimebadilishwa, nikajiambia, ndiko zinakoenda paundi za watu. Niliona ananiepuka, nikajiambia, ana aibu. Kila nilichokiona kilikubaliana na nilichokuwa nimekwisha kuamua. Siku ya kuondoka kwake watoto wa Maringo walimbebea mizigo mpaka kituoni. Mimi nilikaa bucha, nikimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyenituma kuvimenya. Achieng alikuja baadaye akikunja na kukunjua vidole.

"Hiyo sanduku ya mawe, wacha tu! Nimebeba na mikono imekufa. Alikuwa anakuuliza."

"Akasema nini?"

"Njeri yuko wapi. Nikamwambia uko huku. Akaangalia upande wa Burma hivi, halafu akapanda basi."

Baba, aliyekuwa amegeuza mgongo, alikata mfupa ambao ulikuwa umeshakatwa.

Mtihani nilipita, si kwa kiasi cha bweni. Nilisoma shule ya kutwa, nikatoka, nikauza sukari, mitumba, mwisho nafaka, na siwezi kulalamika. Nimesomesha watoto kwa maharagwe. Lakini Baba hakusomewa tena. Nilijaribu mimi, Jumamosi mbili tatu, nikiwa nimekalia kreti ile. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema sauti yangu inakimbia, anayesoma vizuri humwachia mtu nafasi ya kushangaa. Akawa anafunga nyama moja kwa moja. Nchi nzima ilipita mikononi mwake ikiwa imefunga matumbo, na hakujua imesema nini.

Kuna mambo mawili niliyaona baadaye nikayapita tu. Siku moja jiwe halikuwepo juu ya magazeti; palikuwa na mfupa wa goti la ng'ombe. Nikadhani limeibwa, au limeuzwa. Na muda mfupi baada ya hapo Baba alivaa koti la kanisani siku ya kazi, akapanda basi la njia ya Mombasa, akasema anakwenda kuangalia mbuzi wa bei nafuu huko. Alirudi kesho yake bila mbuzi, na kifurushi chini ya kwapa.

"Mbuzi wako wapi?" Mama alimuuliza.

"Wamehamishwa," Baba akajibu, na akaenda kulala. Mama alicheka sana, mimi pia. Mbuzi kuhamishwa! Tulimtania kwa neno hilo mpaka nywele zake zikawa nyeupe, na hakuwahi kujitetea.

Alipofariki, nilikwenda kuondoa vitu vyake. Ndani ya sanduku la visu, chini kabisa, nilikuta kifurushi cha gazeti lililogeuka rangi ya chai, kimefungwa kwa uzi wa katani. Kilikuwa kizito. Nilihesabu mafundo. Mawili, yamebanana. Nikahesabu tena, kama alivyonifundisha, mara moja ya mteja na mara moja yangu. Mawili. Nikafungua, nikalikuta jiwe, na bado sikuelewa. Niliona tu kwamba Baba alimwekea Mwalimu kitu, yeye aliyekuwa amemwita tapeli moyoni mwake miaka yote hiyo.

Nililipeleka Burma kwa Mzee Gitau, wa mwisho aliyebaki katika wale wa bucha za zamani. Alilishika tu, uso ukakunjuka.

"Wewe! Hii paundi bado iko?"

"Umeiita nini?"

"Paundi. Si paundi ya nyama, ya kabla kilo zije? Kwani baba yako aliita nini?"

"Aliita jiwe. Mwalimu Mawe aliita ratili."

"Ratili ni ya vitabu, na watu wa pwani. Hapa Burma ungesema ratili wangekucheka mpaka ufunge bucha. Tulikuwa tunasema paundi." Akanitazama. "Kaa chini, mami, umekuwa kama baba yako."

"Kama Baba vipi?"

"Siku moja nilipita kwake kuomba chenji. Nikaona hii kwa magazeti, nikamwambia, Baba Njeri, hii paundi ya zamani si ungeyeyusha utengeneze kengele? Akaniuliza, 'Gitau, umeiita nini?' Vile vile, kama wewe sasa. Nikasema paundi. Akakaa kwa hiyo kreti yake. Nikadhani ni moyo. Nikamletea maji, hakunywa."

Nami aliniletea maji, sikunywa. Nilikuwa nasikia neno moja likirudi mahali pake baada ya kutembea maisha yangu yote. Mtu aliyetusimamisha kando ya ubao kwa ajili ya neno lisilo sanifu aliinama siku moja, akachagua neno la watu wa Burma, neno la kazi ya baba yangu mwenyewe, ili amwombe kwa heshima. Baba, aliyekua nalo, lilimwingia kama pesa, kwa sababu mtaa mzima mwaka ule ulikuwa ukinong'ona pesa. Na mimi niliyelibeba njia nzima bila kulimwaga nililifikisha salama kabisa.

Nilipanda basi nikafuata njia ya mbuzi. Mji ule sasa una barabara nyingi, ukipiga chafya hakuna anayekuambia pole. Mpwa wake nilimpata, kijana mwema. Mjomba alifariki zamani, akasema. Kabla ya hapo alihamishwa huku na huku, haikuwa rahisi mtu kumpata. Nikamuuliza sanduku la mawe.

"Yale mawe? Tuliuzia watu wa vyuma kuukuu."

"Kwa bei gani?" Samahani, ni mazoea.

"Sikumbuki. Walipima kwa kilo."

Nilicheka, akashangaa, kisha akaona kwamba sicheki, akanitafutia kiti.

Uzi ulioko shingoni mwa jiwe ni ule ule wa Baba. Mafundo niliyarudishia mwenyewe, yamebanana, si mazuri kama yake. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na mkoba mkubwa, anauza vitu vya zamani kwa mahoteli, akalinyanyua jiwe, akaweka bei ambayo ingeniinua kwenye kiti chochote.

"Niuzie hiyo jiwe, mathe."

"Si hiyo jiwe," nikamwambia. "Jiwe hilo. Na hilo ni la mtu."

"Anakuja kuchukua lini?"

"Sijui."

"Basi niuzie mimi. Na asipokuja?"

Nililichukua kutoka mkononi mwake, nikalirudisha kando ya mizani.

"Limefungwa," nikamwambia. "Haliozi."